Mtu wa kodi hakusaini ritani, sasa IRS inaniuliza mimi

SWALI: Naishi Columbus, Ohio. Mchana nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, usiku naendesha gari la abiria kwa programu ya simu. Kwa miaka miwili kodi zangu zimekuwa zikifanywa na jamaa mmoja wa hapa kwetu, anayetoza asilimia 20 ya pesa inayorudi. Kwa mwaka 2023 aliniambia nimepata dola 4,000 na akanitumia mwenyewe kwa simu. Juzi imekuja barua ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Wanataka nithibitishe kwamba watoto wawili walioandikwa kwenye ritani (fomu yangu ya kodi ya mwaka) waliishi kwangu, na nioneshe kumbukumbu za maili nilizoendesha. Mimi sina mtoto hapa Marekani! Nilipompigia, akaniambia niseme nilijaza mwenyewe. Kosa ni lake au langu? Na kwa nini hakumwandika mama yangu aliyeko Morogoro, ambaye namtumia pesa kila mwezi?

JIBU: Ndugu yangu, kabla ya lingine lolote: usiseme ulijaza mwenyewe. Mpaka sasa wewe ni mtu ambaye ritani yake ina makosa. Ukimwandikia ofisa wa IRS uongo huo, utakuwa umetenda jinai yako mwenyewe, maana kumdanganya ofisa wa serikali kuu kwa makusudi kunaweza kumfunga mtu hadi miaka 5. Huyo jamaa anajua anachokuomba. Anataka jina lake lisionekane popote, ndiyo maana hata ritani hakuisaini.

Umeuliza kosa ni la nani. Sheria ya Marekani inatenganisha mambo mawili ambayo sisi tunapenda kuyachanganya, yaani kodi na kosa. Kodi ni yako, awe ameijaza nani. Kama watoto si wako, nafuu ya kodi uliyopata kwa ajili yao hukustahili, na itarudi pamoja na riba. Kosa la kuwaingiza watoto hao ni lake ikiwa kweli hukujua, na lina adhabu zake anazopaswa kubeba yeye. Lakini adhabu atakayopigwa haipunguzi deni lako hata dola moja. Najua inauma kusikia hivyo, hasa kwa mtu ambaye pesa yenyewe hakuipata yote.

Ukurasa wa pili wa Fomu 1040, ambayo ndiyo ritani yenyewe, una sehemu ya mlipakodi kusaini, na juu yake kuna maneno ya kiapo kwamba umeikagua ritani na kwamba ni ya kweli kwa kadiri ya ujuzi wako, ukiapa chini ya adhabu ya kusema uongo. Chini yake ndipo penye sehemu ya mwandaaji anayelipwa. Ritani ikitumwa kwa mtandao, hutakiwi kusaini karatasi hiyo. Unasaini Fomu 8879, inayoonesha jumla kuu za ritani na namba ya siri ya tarakimu tano inayosimama badala ya sahihi yako. Sasa jiulize kwa utulivu: uliwahi kuoneshwa fomu hiyo? Ulisaini chochote, hata kwenye simu? Kama hukusaini kitu wala hukuoneshwa ritani kabla haijatumwa, basi iliwasilishwa bila idhini yako, na hilo liwe jambo la kwanza kabisa katika maelezo yako kwa IRS. Kama ulisaini bila kusoma, sema hivyo hivyo. Wengi husaini bila kusoma, na maofisa wanalijua hilo.

Jinsi mahakama zinavyoutazama utetezi wa “nilimwachia mtu” inaonekana vizuri katika kesi ya Boyle, iliyofika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1985. Boyle alikuwa msimamizi wa mirathi ya mama yake na ritani ya mirathi akaikabidhi kwa wakili. Ofisini kwa wakili tarehe ya mwisho haikuandikwa kwenye kalenda, ritani ikachelewa miezi mitatu, na faini ikazidi dola 17,000. Boyle alimfuatilia wakili wake mara kadhaa, na bado alishindwa. Majaji walisema kujua tarehe na kuitimiza hakuhitaji utaalamu, kwa hiyo ni jukumu ambalo mlipakodi hawezi kulitua kichwani kwake na kumtwisha mwingine. Ila hukumu hiyo hiyo ilikubali kwamba ushauri juu ya sheria yenyewe ni jambo tofauti. Mtu akimpa mtaalamu taarifa zote za kweli, kisha mtaalamu akakosea kutafsiri sheria, mlipakodi anaweza kusamehewa adhabu.

Hapo ndipo penye tumaini lako. Ukiacha kodi na riba, IRS inaweza kukuongezea adhabu ya asilimia 20 ya kodi iliyopungua, na wakiamini ulidanganya kwa makusudi ni asilimia 75. Hizo ndizo unazoweza kuzipinga, kwa kuonesha kwamba ulimpa jamaa fomu yako ya W-2 ya mshahara na zile za 1099 za mapato ya udereva kama zilivyo, na kwamba watoto aliwaweka yeye. Tafuta ujumbe wa simu mlioandikiana, picha za fomu ulizomtumia, na rekodi ya ile dola 4,000 ikitoka kwake. Usifute kitu, hata mazungumzo yanayokuaibisha. Sitakuficha kwamba hoja ya “nilimtegemea mtaalamu” inadhoofika pale mtaalamu mwenyewe anapokataa kusaini, kwa sababu watakuuliza ulimwonaje kuwa mtaalamu. Lakini bado ina nguvu, na iandikwe.

Sasa yeye. Kwa sheria ya serikali kuu, yeyote anayelipwa kuandaa ritani anatakiwa awe na namba ya PTIN inayotolewa na IRS, aiandike kwenye ritani, asaini, na akupe nakala yako. Nakala hiyo, au orodha ya wateja wake, aitunze kwa miaka mitatu. Akidai kwa ajili yako nafuu ya watoto au hadhi ya mkuu wa kaya, yaani mtu asiye na ndoa anayetunza familia, ni lazima akuhoji na kujaza Fomu 8867 kuonesha alijiridhisha vipi. Haruhusiwi kuidhinisha wala kuchukua hundi ya marejesho yako. Kodi ikipunguzwa kwa dai lisilo na msingi, faini yake ni dola 1,000 au nusu ya ujira wake kwa kazi hiyo, ipi kubwa zaidi. Akifanya kwa makusudi au kwa kutojali, ni dola 5,000 au asilimia 75 ya ujira huo. Kuandaa ritani ya uongo kwa kujua ni jinai yenye kifungo hadi miaka 3, na mahakama inaweza kumpiga marufuku asiandae tena ritani za watu.

Watu wengi hudhani kila mwenye ofisi ya kodi amefanya mtihani. Sivyo. IRS ilijaribu mwaka 2011 kuwalazimisha waandaaji wasio na leseni wafanye mtihani na kujiendeleza kimasomo kila mwaka, lakini katika kesi ya Loving mahakama ya rufaa ya Washington iliamua mwaka 2014 kwamba hawakupewa mamlaka hayo na sheria. Majimbo machache kama Oregon, California, New York na Maryland yana masharti yao. Kwingine kote, mtu akishapata PTIN anaweza kufungua meza kesho. Ndiyo maana alama mbili ulizozieleza, kutosaini na kutoza asilimia ya marejesho, zingetosha kukuondoa kwenye kiti chake. Mtu anayelipwa asilimia ana kila sababu ya kukuzalia watoto kwenye karatasi.

Nikuoneshe jinsi watoto hao walivyomlipa. Kwa ritani ya 2023, mtoto mmoja aliweza kuleta nafuu ya hadi dola 2,000. Nafuu ya wafanyakazi wenye kipato kidogo, ile inayoitwa EITC, ilifika hadi dola 6,604 kwa mwenye watoto wawili. Juu ya hapo, kukuandika mkuu wa kaya badala ya mtu asiye na ndoa kulipandisha makato yako ya kawaida, yaani sehemu ya mapato isiyotozwa kodi, kutoka dola 13,850 hadi 20,800. Majina mawili ya watoto wa watu yanabadilisha ritani nzima. Na watoto hao lazima waliandikwa na namba halali za SSN, yaani za hifadhi ya jamii, kwa hiyo mahali fulani kuna mzazi ambaye namba za wanawe zimetumika, kwa kujua au kwa kuibiwa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua alituma nini hasa. Mwombe nakala kwa maandishi, maana ni haki yako. Asipokupa, fungua akaunti yako kwenye tovuti ya IRS au tuma Fomu 4506-T, upate muhtasari wa ritani na wa akaunti yako kwa miaka yote miwili. Kwenye muhtasari wa akaunti tafuta mstari wenye namba 846. Hapo utaona kiasi cha marejesho kilichotoka na tarehe yake. Kama pameandikwa dola 9,000 na wewe mkononi ulipata 4,000, umeshaelewa kwa nini alikutumia mwenyewe badala ya pesa kuingia benki kwako. Ukipata nakala ya ritani yenyewe, tazama mstari wa 35, panapoandikwa namba ya benki na namba ya akaunti ya kupokelea. Ikiwa si yako, jaza Fomu 14157 ya malalamiko dhidi ya mwandaaji pamoja na 14157-A, ambayo ni kiapo cha mteja aliyetapeliwa, na uambatishe ushahidi. Ndugu wengi hukataa kufika hapo kwa sababu jamaa ni wa nyumbani na wake zao wanafahamiana. Nakuelewa, lakini ana wateja wengine wenye barua kama yako njiani, na maelezo yako ndiyo yatakayowasaidia kuaminika.

Lakini kuna swali moja ambalo usilijibu mbele yangu wala mbele ya mwandaaji mwingine yeyote. Kama ulijua kuhusu watoto hao, hata kwa kunong'onezwa kwamba “nitakuwekea wawili”, nenda kwanza kwa wakili wa kodi. Mazungumzo yako na wakili yanalindwa. Yale utakayomwambia mwandaaji wakati anakutengenezea ritani hayana ulinzi huo, na akiitwa kutoa ushahidi katika kesi ya jinai atalazimika kuyasema.

Kama hukujua, jibu la barua ni fupi. Eleza kwamba huna watoto, hao huwafahamu, hukutoa majina yao, na unakubali waondolewe pamoja na hadhi ya mkuu wa kaya. Usijaribu kutafuta barua ya shule kutoka kwa rafiki. IRS wakiona ulidai EITC kwa kutojali sheria, wanaweza kukuzuia kuidai kwa miaka miwili, na kwa udanganyifu ni miaka 10. Barua ya shule ya kughushi ndiyo itakayokuhamisha kutoka kundi la kwanza kwenda la pili.

Maili zinahitaji kazi zaidi, na hapa usikubali kila kitu kirahisi, kwa sababu uliendesha kweli. Kiwango cha 2023 kilikuwa senti 65.5 kwa maili. Tuseme jamaa aliandika maili 41,000: hayo ni makato ya dola 26,855. Kama za kweli ni 18,000, unastahili dola 11,790, na huna sababu ya kuziacha. Sheria inadai rekodi ya tarehe, umbali, mahali na sababu ya safari, na kukadiria kwa kichwa hakukubaliki. Anza na ripoti ya mwaka ya programu unayoendeshea. Ripoti hizo mara nyingi huhesabu maili za abiria akiwa ndani tu, wakati maili za kumfuata abiria nazo ni za kazi. Chukua risiti za kubadilisha oili, ambazo huandikwa usomaji wa maili za gari, uoneshe gari lilitembea kiasi gani kwa mwaka mzima. Kisha ondoa safari za nyumbani kwenda kwenye nyumba ya wazee na kurudi. Hizo ni safari za kwenda kazini na hazikatwi kamwe. Kumbuka pia kwamba faida inayobaki kwenye udereva, ikifika dola 400 kwa mwaka, inabeba kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3 pamoja na kodi ya kawaida ya mapato, kwa hiyo maili zikipungua deni hupanda pande zote mbili.

Kuhusu ritani ya mwaka uliotangulia, usisubiri barua. Kama nayo ina watoto au maili za kubuni, irekebishe sasa kwa Fomu 1040-X. Kwa kawaida mtu anayerekebisha na kulipa kabla IRS haijamgusa kuhusu mwaka huo huepuka ile adhabu ya asilimia 20. Kwa ule wa 2023 ulioko kwenye uchunguzi, usitume 1040-X peke yake. Marekebisho yake yapitie kwa ofisa aliyekuandikia. Na usijipe moyo kwamba muda utapita. Kwa kawaida IRS wana miaka mitatu ya kukutoza zaidi, lakini penye udanganyifu hakuna kikomo. Mwaka 2007 Mahakama ya Kodi iliamua katika kesi ya Allen, dereva wa lori ambaye ritani zake za 1999 na 2000 zilitiwa makato ya uongo na mwandaaji, kwamba hata udanganyifu wa mwandaaji peke yake unaondoa kikomo hicho. Mahakama moja ya rufaa iliona tofauti mwaka 2015 katika kesi ya BASR, lakini nisingekushauri kuweka maisha yako juu ya ubishi wa majaji.

Sasa mama. Hapo huyo jamaa, kwa mara moja, alifuata sheria. Tegemezi kwenye ritani ya Marekani lazima awe raia wa Marekani au mkazi wa Marekani, Kanada au Meksiko. Mama aliyeko Morogoro haingii, hata kama unamlipia kila kitu, na pesa unayomtumia ni zawadi isiyokatwa kwenye kodi. Hali ni hiyo hiyo kwa watoto wa dada zako mnaowasomesha, mradi si raia wa huku. Nimeona watu wema kabisa wakiandika wazazi wao kwa sababu dhamira inawaambia ni wategemezi wa kweli. Ni kweli, lakini sheria hii haipimi kwa upendo wala kwa risiti za kutuma pesa. Siku mama akihamia kwako kihalali kama mkazi na wewe ukawa unabeba zaidi ya nusu ya matumizi yake, tutazungumza upya.

Na kwa kuwa tumefika nyumbani: una akaunti ya benki Tanzania? Ungekuwa na mwandaaji anayejua kazi, angekuuliza. Mkazi wa Marekani kwa ajili ya kodi hutangaza mapato yake ya dunia nzima, ikiwemo pesa ya pango la nyumba anayopangisha Dodoma. Na kama akaunti zako zote za nje, zikijumlishwa, zilizidi dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, unatakiwa kuwasilisha ripoti ya akaunti za nje iitwayo FBAR, ambayo haiendi pamoja na ritani. Usipoiwasilisha bila kukusudia, faini inaweza kuzidi dola 10,000 kwa ripoti moja. Mahakama Kuu ilifafanua mwaka 2023, katika kesi ya Bittner, kwamba huhesabiwa kwa ripoti ya mwaka na si kwa kila akaunti.

Wa kukusaidia wapo, na si lazima walipwe sana. Kwa uchunguzi kama huu unataka mtu mwenye ruhusa ya kusimama mbele ya IRS kwa niaba yako: wakili, mhasibu mwenye leseni ya CPA, au wakala aliyesajiliwa na IRS yenyewe. IRS ina orodha ya waandaaji wenye sifa kwenye tovuti yake, utafute jina kabla hujatoa fomu yako hata moja. Kama kipato chako ni kidogo, kuna kliniki za walipakodi wa kipato cha chini zinazoitwa LITC, zinazowatetea watu katika migogoro kama wako bure au kwa ada ndogo, na nyingi husaidia wasiozungumza Kiingereza vizuri. Kwa ritani za kawaida za miaka ijayo, vituo vya watu wanaojitolea vinavyoitwa VITA huandaa bila malipo. Deni likishajulikana nawe huna uwezo wa kulilipa kwa mkupuo, omba kulipa kwa awamu. Ukidaiwa chini ya dola 50,000, maombi hayo hufanyika mtandaoni.

Barua yako ina tarehe ya kujibu, kwa kawaida siku 30. Kama ushahidi wa maili haujakamilika, piga namba iliyo kwenye barua hiyo uombe muda, na uandike jina la ofisa na namba yake ya utambulisho. Tuma majibu kwa posta ya kusajiliwa, ubaki na nakala. Msipoelewana, itakuja barua nyingine ya notisi ya deni yenye siku 90, na hizo haziongezwi kwa simu na ofisa yeyote. Ndani yake unaweza kufungua shauri katika Mahakama ya Kodi kabla ya kulipa, kwa ada ya dola 60. Kwa deni lisilozidi dola 50,000 kwa mwaka husika unaweza kuomba utaratibu wa kesi ndogo, ambao watu wengi huuendesha bila wakili.